Seva ya Pili

Mkulima wa Mkotokuyana aliyepeleka korosho zake AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, hana sababu ya kujua seva iko wapi. Tangu msimu wa 2024, minada ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Bei anayoisubiri inapita kwenye mashine asiyoiona. Kwangu mimi, kuweka seva ya pili ni deni la uaminifu kwake kabla ya kuwa kazi ya ufundi.

Ufundi wenyewe hauna makuu. Seva mbili huwekewa anwani moja pepe, ambayo ni mali ya huduma wala si ya mashine yoyote. Inayoongoza hutoa ishara kila sekunde kwamba ipo. Ikinyamaza kama sekunde tatu, ya akiba huichukua anwani ile na kuendelea kuhudumia. Kwa watu hatufanyi hivyo: ofisi zetu ngapi husimama karani mmoja akienda msibani, kwa kuwa nywila anaijua yeye tu?

Ila kuwa nazo mbili hakutoshi. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika zote chini ya bahari, jirani na Durban. Intaneti ikayumba Tanzania nzima, hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukatangaza kufungwa siku mbili. Nyaya mbili, njia moja. Seva mbili zinazotegemea umeme mmoja ndani ya chumba kimoja zina kasoro hiyohiyo, na aliyezinunua hulala akidhani yuko salama.

Kuna hatari nyingine, mbaya zaidi. Mawasiliano kati ya seva yakikatika huku zote zi hai, kila moja huamini mwenzake amekufa, na zote hushika anwani. Zabuni hii inaandikwa huku, ile kule. Baadaye nani ataamua bei halali? Kwa hiyo huongezwa mashine ya tatu, kazi yake kupiga kura tu. Seva iliyokosa kura huachia madaraka, hata kama ni nzima kabisa. Sisi binadamu hilo hutushinda.

Hayo yote hubaki maneno mpaka yajaribiwe. Kabla ya minada ya Oktoba, fundi achomoe waya wa seva inayoongoza, mchana, wakubwa wakitazama. Seva ya akiba ikishindwa kushika nafasi siku hiyo, atakayepata hasara si mkulima.