Watu 64 na Swali la Kwetu

Kuna kaunti huko Texas inaitwa Loving. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu 64 ndani yake. Si elfu 64. Watu 64, wazee na watoto wakiwemo. Ukiwapeleka wote safari, matatu mbili za abiria 33 zinawatosha na viti viwili vinabaki. Hakuna kaunti nyingine Marekani nzima iliyopatikana na watu wachache hivyo mwaka huo.

Sasa angalia ardhi. Loving ina takriban kilomita za mraba 1,750. Nairobi ina karibu 700, na sensa ya 2019 ilitupata tukiwa milioni 4.4. Yaani chukua Nairobi mbili na nusu, toa kila mtu, halafu bakisha wapangaji wa ploti moja ya Pipeline.

Ni nchi kavu, tambarare, yenye vichaka vya miiba. Mto Pecos unapita mpaka wa magharibi na New Mexico iko kaskazini. Mji ni mmoja tu, Mentone, wenye jengo la mahakama la mwaka 1935. Shule ilifungwa miaka ya 1970 na watoto wakaanza kupelekwa Wink, kaunti jirani. Kwa miaka mingi hata maji ya kunywa yalisombwa kutoka nje. Lakini chini ya huo mchanga kuna mafuta, tena mengi, na ndiyo maana barabara zimejaa malori na kando yake kuna kambi za wafanyakazi.

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Kama kuna kambi, kuna watu wanaolala humo. Mbona basi ni 64?

Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu. Sensa ya Marekani haiulizi ulilala wapi jana. Inauliza kwako ni wapi, mahali unapoishi na kulala siku nyingi zaidi. Mtu wa visima vya mafuta anayekuja kwa zamu, kisha anarudi kwa familia yake, anahesabiwa kule familia iliko. Anapumua vumbi la Loving, anaendesha lori kwenye barabara zake, mgongo wake unaishia pale, lakini si mtu wa pale.

Sisi tulifanya kinyume. Usiku wa 24 Agosti 2019, mtu alihesabiwa pale usiku ulipomkuta. Mimi ulinikuta hosteli, kwenye chuo ambacho baadaye nilikiacha. Kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali, kwa miaka yote hii mimi ni mtu wa mtaa ambao sijarudi kuukanyaga.

Tuseme ukweli, hesabu zote mbili zina kasoro. Moja inaamini usiku mmoja, nyingine inaamini mazoea. Hakuna inayojibu swali lenyewe: mahali ni pa nani?

Loving imelipigania swali hili tangu mwanzo. Sensa ya 1890 ilikuta watu watatu kwenye eneo hilo. Watatu! Miaka mitatu baadaye, watu 150 wakatia sahihi ombi la kutaka kaunti yao ijitegemee. Nyuma ya ombi hilo kulikuwa na kampuni iliyoahidi mifereji ya kumwagilia mashamba. Uchaguzi ukafanyika, maafisa wakapatikana. Muda si mrefu zikaanza kuvuma habari za udanganyifu na kura haramu, na mwaka 1897 bunge la Texas likaivunja kaunti yenyewe. Ilirudi mwaka 1931, baada ya mafuta kupatikana. Ni kaunti pekee ya Texas iliyoundwa mara mbili.

Na kisa hakijaisha. Karibu mwaka 2006 kundi la watu wasiopenda serikali kubwa lilipanga kuhamia Loving kwa wingi wa kutosha tu kushinda kura na kuitawala. Mpango ulikufa. Miaka ya karibuni kesi zimefika mahakamani zikihoji kama wapiga kura fulani wanaishi huko kweli, au huonekana tu siku ya kura. Pahali penye watu 64, familia moja iliyojaa kwenye gari inaweza kubadilisha serikali.

Sheria ya Texas ina jibu lake. Inasema makao ya mpiga kura ni nyumbani kwake, mahali anapokusudia kurudi akitoka kwa muda. Anakusudia! Nilisoma hilo neno mara tatu. Sheria imeacha lango lake mikononi mwa kitu ambacho karani hawezi kukiona. Ukiniambia unakusudia kurudi, nitakupimaje?

Mwanzoni nililipenda hilo jibu, kwa sababu linanitetea. Wacha nieleze.

Mwaka 2022 binamu yangu aligombea kiti cha MCA ushago. Miezi kadhaa kabla, alituma matatu ikatuchukua mitaani Nairobi, vijana kumi na wanne wa ukoo, tukajiandikishe kule. Nauli juu yake, chakula juu yake. Tulienda tukiimba. Hakuna aliyeona kosa. Si ni kwetu? Si nyanya yupo pale, si babu amezikwa pale, si hata mimi nikifa watanipeleka pale? Tarehe 9 Agosti tukapiga kura. Jumatano nikawa Nairobi. Binamu alishinda, na si kwa kura nyingi.

Mwaka uliofuata nilimpigia nyanya simu. Kisima alichoahidi binamu kilikuwa kimechimbwa nusu kikaachwa. Nyanya hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa upole wake, "Wewe mjukuu wangu, hayo maji ya huko kwenu yanatoka?"

Huko kwenu. Yaani Nairobi.

Mtu ambaye mimi namtumia kama ushahidi kwamba nina kwetu ushago, yeye mwenyewe alijua kwangu ni wapi.

Ndiyo maana sikubali tena kwamba nia inatosha. Nia ni kitu kizuri, lakini haina gharama. Oliver Loving, yule mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye kaunti imepewa jina lake, alijeruhiwa na wapiganaji wa Comanche karibu na mto Pecos mwaka 1867, akafia Fort Sumner, New Mexico. Aliomba asizikwe ugenini. Rafiki yake Charles Goodnight akaubeba mwili wake hadi Weatherford, Texas. Sisi tunaielewa hiyo hamu bila kufafanuliwa. Lakini angalia: haki ya kuzikwa nyumbani haimnyimi mtu mwingine maji. Kura inaweza. Mapenzi ya kwetu ni yangu, nitayabeba hadi kaburini. Kuwaamulia watu wanaobaki pale mimi nikipanda gari ni jambo lingine.

Najua mtu ataniambia: basi vijana wote wa mjini tunyamaze kuhusu ushago, na sisi ndio tunaotuma pesa za karo na hospitali? Hilo swali ni zito na sina jibu la kulimaliza. Anayetuma pesa kila mwezi anabeba kitu. Lakini mimi sikuulizwa natuma nini. Niliulizwa jina la ukoo.

Na yule mfanyakazi wa kambi kule Loving, anayebeba vumbi bila sauti, ndiye mimi wa Nairobi. Miaka yote hii naruka maji taka mlangoni pa ploti, na sijawahi kumpigia kura wala kumnyima MCA wa wadi ninayoishi. Kule nilikuwa na sauti bila mzigo, huku nina mzigo bila sauti. Na hakuna aliyenilazimisha.

Kabla ya 2027 nitahamisha kura yangu. Binamu ataskia vibaya, na ukoo utasema nimepotea mjini. Bado sijamwambia nyanya. Nadhani hatashangaa.