Sala ya Mtu Asiyesali

Asubuhi ya Ijumaa Kuu mjini Songea, ukikaa barazani Lizaboni, utaisikia Njia ya Msalaba kabla hujaiona. Kwanza wimbo, kisha vumbi, kisha vijana wenyewe: askari wa Kirumi waliojifunga mashuka mekundu, Pilato anayenawa mikono kwenye beseni la plastiki, na Yesu ambaye juzi tu alikuwa anapakia abiria kwenye bodaboda. Anaanguka mara ya kwanza. Mjeledi ni kamba ya katani na haumuumizi, kila mtu anajua. Hata hivyo mama mmoja pembeni mwa barabara anavuta ncha ya khanga na kujifuta machozi.

Vijana wa kijiweni hawakosi neno. Huyo naye, misa yenyewe haendi! Wanacheka, msafara unapita. Lakini ukiuondoa mzaha, swali linabaki pale barabarani: mtu asiyesali akiigiza sala, na mwenye imani akaguswa hadi akalia, ni nini hasa kimetokea? Mama yule amedanganywa?

Swali hilo lina historia ndefu, na mmoja wa watu walioishi ndani yake ni Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani aliyeanza kuonekana kwenye sinema mwaka 1932 na kuendelea hadi miaka ya 1990. Alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mpigania haki ya wanawake kupiga kura na kupanga uzazi. Akiwa na miaka 13 alimkuta kaka yake Tom amekufa, akining'inia kwenye kitanzi. Kwa miaka mingi baadaye akawa anaitaja tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake, 8 Novemba, kana kwamba ni yake. Alipata Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, na hadi leo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefikisha nne. Zaidi ya mara moja alirudi jukwaani, kwenye tamthilia za Shakespeare, wakati wenzake wa Hollywood wakiogopa kuonekana bila kamera kuwasitiri. Mwaka 1991, akiwa na miaka 84, alilieleza jarida moja la wanawake la Marekani bila kumung'unya maneno kwamba haamini kuwa kuna Mungu. Alichoamini ni kwamba watu watendeane wema.

Na ni mtu huyo aliyeigiza mojawapo ya sala zinazokumbukwa sana katika sinema, tena sala inayosaliwa katika nchi yetu.

Filamu ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester. Tunaambiwa tupo Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Hepburn ni Rose Sayer, dada wa mmisionari wa Kimethodisti. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji, kaka anachanganyikiwa na kufa, na Rose anaondoka na fundi mlevi, Charlie Allnut, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, ndani ya kiboti chakavu cha moshi. Wanateremka mto Ulanga kwenda ziwani, nia yao kuizamisha meli ya Wajerumani. Mtu wa Ruvuma atacheka kidogo hapa. Ulanga wa kweli hauendi ziwani hata siku moja; ndio huohuo Kilombero, unakutana na Luwegu unaotoka huku kwetu, ikawa Rufiji, ikaishia Bahari ya Hindi. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda na Kongo, na matukio mengi ya ndani ya maji yalipigwa kwenye tangi la studio London. Jina la mto tu ndilo letu.

Sala inakuja wakati boti imekwama kwenye matete. Charlie ameingia majini kuivuta, ametoka na ruba mwili mzima, kisha homa. Matope yamewazunguka pande zote, hawaoni mbele wala nyuma. Rose anapiga magoti kwenye mbao za boti na kuzungumza na Mungu kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka. Cha ajabu, haombi waokolewe. Anaomba wapokelewe tu, yeye na mwanamume ambaye hajafunga naye ndoa, na kwamba upendo wao upimwe kuliko udhaifu wao. Kisha kamera inapanda polepole juu ya matete, na mtazamaji anakiona wasichokiona wao: ziwa lipo hapo hapo, hatua chache tu. Mvua inanyesha huko juu, mto unajaa, na maji yanaikokota boti hadi ziwani wakiwa wamelala.

Aliyeamini akiiona sehemu hiyo husema amina moyoni. Ilitengenezwaje? Huston alimwendea Hepburn siku za mwanzo akamwambia uso wake umekuwa mzito mno. Amwigize Rose kama Eleanor Roosevelt, mke wa rais, anapotembelea majeruhi hospitalini, mwenye tabasamu la adabu linalofunika kila kitu. Hepburn aliandika baadaye kwamba hakuwahi kupewa ushauri bora kuliko huo. Bogart na Huston walikunywa wiski safari nzima. Yeye alikunywa maji kwa makusudi, ili awasute, na ni yeye aliyeugua kuhara hadi ikabidi ndoo iwekwe karibu na kinanda alipokuwa akiigiza ibada ya mwanzo. Ukitafuta imani humo hutaikuta. Utakuta tabasamu la kuazima, tumbo linalouma, na mwanamke aliyejua kazi yake.

Wagiriki wa kale walimwita mwigizaji wa jukwaani hypokrites, na neno hilohilo ndilo Injili ya Kigiriki inalolitumia kwa watu wanaopenda kusali wamesimama njia panda ili waonekane. Biblia ya Kiswahili inasema wanafiki, neno lililotoka Kiarabu, na kwa hiyo msomaji wetu hauoni ule uso wa jukwaa uliofichwa ndani yake. Kwa Waislamu jirani zake, jambo hilo lina jina la riya, kumwabudu Mungu ili watu wakuone, na hukumu yake inategemea nia. Hapo ndipo mwigizaji anapochomoka. Mwenye riya anataka uamini kuwa anasali. Hepburn hakutaka uamini hivyo hata dakika moja. Jina lake lipo kwenye bango, tiketi umelipia, na taa zikiwaka kila mtu anakwenda nyumbani kwake.

Kanisa lenyewe liligombana juu ya jambo linalofanana na hili katika Afrika ya Kaskazini, karne ya 4 na ya 5. Wadonati walishikilia kwamba sakramenti ya padre mwovu ni bure. Agostino wa Hippo akawajibu kwa mfano ambao mkulima yeyote wa bustani ya mchicha atauelewa: maji yakipitia kwenye mfereji wa jiwe, ndani ya mfereji hakuoti kitu, lakini matuta yanapata maji. Ni kweli, Agostino alikuwa akizungumzia padre aliyewekwa wakfu, si mwigizaji, na hakuna mwanateolojia atakayekubali kwamba ubatizo wa jukwaani ni ubatizo. Lazima anayebatiza akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya. Hata hivyo mfereji wa jiwe unamfaa Hepburn. Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, na ndani yake maneno ya Portia juu ya huruma ya Mungu yakapata Kiswahili. Miaka 12 kabla yake, mwanamke asiyeamini Mungu alikuwa ameyatamka maneno hayohayo, kwa Kiingereza chake, kwenye jukwaa la Stratford, Connecticut. Huruma ile haikupungua kwa kupita mdomoni mwake.

Mapokeo yana kisa cha upande wa pili pia. Genesius, mchekeshaji wa Roma katika utawala wa Diocletianus, aliigiza ubatizo ili kuwakejeli Wakristo. Inasimuliwa kwamba maji yalipomgusa, akaamini kweli, akakataa kurudi kwenye mchezo, akakatwa kichwa. Leo ndiye mtakatifu msimamizi wa waigizaji.

Hadi hapo kijana wa bodaboda wa Lizaboni ameshinda kesi yake. Ugumu unaanza mwishoni mwa The African Queen. Rose na Charlie wanakamatwa na meli ya Kijerumani na kuhukumiwa kunyongwa. Vitanzi vikiwa tayari shingoni, Charlie anamwomba kapteni awafungishe ndoa kwanza. Kapteni anasoma maneno mawili matatu ya ndoa, kisha anaamuru kazi iendelee. Watazamaji duniani kote hucheka, kwa sababu wanajua meli italipuka na wawili hawa wataogelea salama.

Songea hakuna anayeweza kucheka hapo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa vita vya Maji Maji katika mji huu, na mmoja wa viongozi wao, Nduna Songea Mbano, akafuata peke yake siku chache baadaye. Umisheni wa Wabenediktini wa Peramiho, ulioanzishwa 1898, ulikuwa umechomwa moto vitani, na mwanzilishi wake, Askofu Cassian Spiss, alikuwa ameuawa njiani Agosti 1905. Hata hivyo padre aliwaendea wafungwa kabla ya hukumu kutimizwa, na baadhi yao walibatizwa, kisha wakapelekwa kwenye kitanzi. Sakramenti na kamba, kwa mpangilio uleule wa filamu, isipokuwa hapa hapakuwa na mlipuko wa kuwaokoa.

Je, waliamini? Wapo wanaosema walisalimu amri kwa mungu wa mshindi, na wapo wanaosema walipata neema saa ya mwisho. Majibu yote mawili yanamtazama aliyefungwa. Yanasahau kumtazama aliyeshika kamba. Jukwaani, Hepburn angeweza kukataa mkataba na mtazamaji angeweza kutoka nje ya ukumbi. Mtu aliyefungwa mikono Songea hakuwa na mlango wa kutokea, na sala iliyotamkwa bila mlango haiwezi kupimwa kwa mizani ya unafiki wala ya imani na mtu aliyekaa kwenye kiti. Filamu haikuligusa hilo. Wanakijiji wake wanaimba kwa kuchanganya sauti, wanachomewa nyumba, wanatoweka, na hakuna hata mmoja anayepewa sala yake.

Aliyewapa ni Ebrahim Hussein wa Kilwa, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Shujaa wake anagawa maji ya bonde la Rufiji ya kuwakinga wapiganaji na risasi, kisha anaanza kuyatilia shaka, na watu wameshaamini kuliko yeye. Mwishoni mkoloni anamtaka atamke tu kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile aliyejaa shaka anakataa, kwa sababu akitamka hivyo watakaozaliwa baadaye wataamini kuwa wote waliopigana walipigania upuuzi. Hapa ndipo Hussein anapomzidi Huston. Rose anatamka sala anayoiamini, naye aliyemwigiza haiamini. Kinjeketile haiamini tena ahadi yake, na bado anailinda hadi mwisho.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama kwenye Makumbusho ya Maji Maji, Songea, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa eneo hili. Alikutana na ukoo wa Songea Mbano, ambao umekuwa ukitafuta kichwa cha nduna huyo kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Hotuba ya rais huandaliwa, huhaririwa, hurudiwa rudiwa kabla ya kutamkwa. Steinmeier alizaliwa 1956 na hakumnyonga mtu. Alitamka maneno ya cheo, kama padre kwenye altare, kama mwigizaji aliyekabidhiwa kitabu. Waliomsikiliza hawakuwa na haja ya kumuuliza kama moyoni mwake alikuwa analia. Walichomuuliza ni fuvu la Nduna. Akawajibu kwamba Ujerumani itajaribu kulitafuta, lakini hawezi kuwaahidi kuwa litapatikana.