Jibu la Kuazima

Mwaka 2023, nchini Uturuki, watafiti waliwapa wanafunzi wa sekondari akili mnemba wakati wa mazoezi ya hisabati. Alama za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48. Ilipoondolewa na mtihani ukaja, wakapata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao waliotumia vitabu na madaftari tu. Wengi waliomba jibu, basi. Ile adha ya kufuta na kuanza upya, ambamo hisabati yenyewe hukaa, wakairuka. Atasema mtu: mbona hata kikokotoo kilipingwa? Kweli, ila kikokotoo hakikuchagulii njia. Na kundi jingine katika utafiti huohuo, lililopewa programu ya kudokeza tu, isiyotoa jibu, halikuachwa nyuma mtihanini.