Kurudi Munigi

Msafiri anayetoka Kampala kurudi Munigi, kwetu karibu na Goma, kwa njia ya Kisoro huvuka mpaka pale Bunagana, na papo hapo saa yake hurudi nyuma. Uganda ni saa kumi jioni, Kongo bado ni saa tisa. Saa hiyo moja ndiyo zawadi pekee ya safari. Mengine yote, nauli, foleni ya muhuri, mizigo kufunguliwa mbele za watu, usingizi wa kukaa, huyalipia mwenyewe. Wengine hupita Kigali na Musanze hadi Gisenyi, wakavuka mpaka pale Petite Barrière kwa miguu na mabegi yao, kisha pikipiki iwapandishe hadi nyumbani kwenye barabara ya Rutshuru.

Kwetu watu hutoka nyumbani kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo, na barabara ni ile ile. Yupo anayekwenda kupumzika kwa dada yake Kampala, akarudi na vitenge na habari za mjini. Na yupo anayetoka usiku, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Wakifika ng'ambo, wenyeji huwauliza swali lile lile: mtarudi lini? Wa kwanza hutaja siku. Wa pili hunyamaza. Ukiwavua nguo, mizigo na pesa, hiyo ndiyo tofauti inayobaki: mwenye likizo ni mtu anayeijua siku yake ya kurudi.

Lakini nani anamwekea siku hiyo? Sidhani ni yeye, wala si wenye basi. Nimelitafakari hili muda mrefu, na kila mara naishia kwa watu waliobaki.

Watu wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni methali ya mabaharia, nami naiheshimu, ila inaamini kwamba ngama itakuwa pale pale ilipoachwa. Munigi hatuna uhakika huo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la volkano ya Nyiragongo lilikauka kwa muda usiotimia saa moja, lava ikateremka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, nyufa zikashuka hadi karibu na Munigi, lava ikaingia Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kumwagika ziwani Kivu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ikaja tena, ikaikata barabara ya Rutshuru na kusimama ukingoni mwa mji. Ardhi yetu ina umri, na sehemu zake nyingine ni changa kuliko watoto wanaozichezea. Ukiondoka na kurudi, huenda kiwanja chako kiko chini ya jiwe jeusi lililopanda juu kuliko dirisha lako la zamani.

Basi mtu anarudi wapi? Kama nyumbani ni udongo, wengi wetu hatuna tena pa kurudi. Ila mwaka 2002 mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, wakaandaliwa kambi Rwanda, na baada ya siku chache tu wengi wao walikuwa wamesharudi, wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa na joto chini ya ndala. Wageni waliwashangaa. Mimi naona hawakuwa wakiufuata udongo, maana waliona kwa macho yao kwamba umefunikwa. Walikuwa wakifuatana. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake atarudi, na hilo lilitosha kuwasimamisha tena juu ya mawe, wakapiga mbao za nyumba mpya.

Haki inanitaka nikumbuke pia kwamba kwa wengine Munigi yenyewe ilikuwa ugenini. Julai 1994, Wanyarwanda waliovuka mpaka kwa wingi walifika hadi hapa, kipindupindu kikawapata juu ya mwamba ambao jembe halichimbi choo wala kaburi. Maelfu walikufa. Miaka ya karibuni, Kanyarucinya, hatua chache juu yetu, ilijaa mahema ya watu wa Rutshuru na vijiji vingine, ambao kwao ulikuwa mwendo wa saa chache tu kwa gari, na bado hawakuweza kufika. Hivyo mtu anayeshuka na begi lake la likizo akipita mbele ya watu kama hao, naona ni vibaya alalamikie uchovu wa safari. Uchovu wa kurudi ni mali.

Sasa nirudi kwa waliobaki. Wewe uko Kampala, Nairobi au Brussels. Huku kuna mtu anakinga mvua kwenye bati lako na kuijaza bidoni yako, kwa sababu maji ni shida juu ya mawe haya. Kuna mama anayemwambia mpita njia kwamba nyumba ile ina mwenyewe. Lava ikipita juu ya kiwanja, karatasi haikuonyeshi mpaka. Jirani ndiye anayekumbuka ua wako uliishia wapi na mparachichi wako ulisimama wapi. Siku yako ya kurudi anaishika yeye. Akiondoka naye, hata ukiwa na tiketi mkononi, tayari wewe ni kama yule mwenye godoro kichwani.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu uliye mbali na unayehesabu siku za kurudi: usisubiri ufike Bunagana ndipo uulize hali. Mpigie jirani yako leo. Muulize barabara ikoje na mlima umelalaje, kisha muulize na yeye anahitaji nini umletee.