WANAPATANA KWA FAIDA YA NANI?

Neno "mapatano" limepata sifa mbaya masikioni mwa watu wengi. Serikali ikikosa kura za kutosha Bungeni, ikaenda kwa wapinzani kuomba msaada, mara husikika: "Wameuzana!" Sisi twaona yafaa kuuliza kwanza ni kitu gani kilichouzwa, na faida yake imemwendea nani.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha wapatanaji wawili. Abrahamu alisimama mbele ya Mungu akiiombea Sodoma, akashusha hesabu ya wenye haki toka 50 hata 10, wala hakujitakia nafsi yake kitu chochote. Yuda naye alipatana bei na makuhani wakuu, akatoka na fedha mkononi. Wote wawili walipatana. Mmoja alipatana ili wengine waokoke, wa pili alipatana ili apate yeye.

Na tuitazame nchi ya Kanada. Katika uchaguzi wa Novemba 1965, chama cha Liberal cha Bwana Lester Pearson kilipata viti 131 kati ya 265, pungufu ya viti viwili tu kupata wingi. Wapinzani wote wakiungana, Serikali ilikuwa hatarini kuanguka. Miongoni mwao kilikuwapo chama kidogo cha New Democratic Party, chenye viti 21, chini ya Bwana Tommy Douglas, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti kabla ya kuingia katika siasa. Utotoni mwake aliugua mfupa wa mguu, nusura mguu ukatwe, maana wazazi wake hawakuwa na fedha za kumlipa daktari bingwa. Daktari mmoja akamtibu bure. Tangu hapo alijua kwamba uzima wa mtoto wa maskini haufai kutegemea bahati.

Chama cha Liberal kilikuwa kimeahidi bima ya ugonjwa tangu mwaka 1919, na ahadi ilikuwa imelala miaka mingi. Sasa Serikali ilihitaji kura za wengine, na hao wengine hawakuiacha ilale tena. Hata hivyo Serikali iliusogeza mwanzo wa bima kwa mwaka mzima, toka Julai 1967 hata Julai 1968, na chama cha Bwana Douglas kikalalamika. Lakini hakikuitupa sheria nzima kwa sababu ya mwaka mmoja. Desemba 1966 sheria ilipita kwa kura 177 dhidi ya 2.

Bwana Douglas alipata nini? Hakupewa uwaziri. Katika uchaguzi wa 1968 alipoteza hata kiti chake mwenyewe, akarudi Bungeni mwaka uliofuata kwa uchaguzi mdogo. Lakini kufikia mwaka 1972 majimbo yote ya Kanada yalikuwa yamekwisha kuingia katika bima hiyo. Bei ya kura zile ililipwa kitandani pa mgonjwa.

Hatusemi kwamba wanasiasa wale walikuwa malaika. Kila chama kiliwaogopa wapiga kura wake. Wala hatusemi kwamba kila kitu chaweza kuwekwa mezani. Uhai wa mtu, haki ya mnyonge na dhamiri si bidhaa, na anayevitoa ili apate kura amefuata njia ya Yuda, hata akiita tendo lake hekima.

Basi, wazazi Wakristo, msikiapo kwamba vyama vinapatana, msikimbilie kushangilia wala kulaani. Ulizeni maswali mawili. Je, yaliyopatanwa yaweza kusemwa hadharani mbele ya wananchi? Na je, asiye na kura Bungeni, yaani mgonjwa, mjane, mtoto, amepata fungu lake? Mkijibiwa ndiyo mara mbili, mshukuruni Mungu. Mkijibiwa siyo, msinyamaze. Mbunge aliyetumwa nanyi ana deni la kuwajibu, nanyi mna wajibu wa kumdai.