TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Simu yako inahesabu magharibi ya wapi?



Swali la leo limetoka kwa kijana mmoja baada ya tarawehe: "Ustadh, nikifuturu kwa adhana ya simu, kumbe jua halijazama, dhambi ni ya nani? Yangu au ya aliyetengeneza programu?" Swali zuri, wala si la mzaha. Wengi wetu siku hizi hatutazami mbingu, tunatazama kioo cha simu.

Kwanza tuelewe simu inafanya nini. Haina jicho, haioni jua. Inachukua tarehe na mahali ulipo, kisha inapiga hesabu ya jua litakapokuwa. Hesabu yenyewe si ya kuogopwa. Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah anatueleza kwamba ameupangia mwezi vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Na katika karne ya 14, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya kule Damascus alikuwa Ibn al-Shatir, mwanafalaki mkubwa. Hesabu iliingia msikitini zamani.

Tatizo ni kile ulichoiambia simu. Dunia hugeuka digrii moja kila dakika 4. Songea iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii tatu na nusu hivi. Zidisha: karibu robo saa. Dar wanapofuturu, hapa kwetu jua bado halijazama! Aliyeacha simu yake kwenye "Dar es Salaam", au anayefuata adhana ya redio ya Dar, anatia tende mdomoni mchana. Kashinda na njaa kutwa nzima, kaja kuiharibu funga yake robo saa ya mwisho.

Alfajiri nako kuna jambo. Kipimo cha ISNA cha Amerika Kaskazini ni jua kuwa digrii 15 chini ya upeo wa macho. Cha Rabita ya Makka ni 18, cha Misri 19 na nusu. Kati ya 15 na 18, hapa kwetu ni dakika 12 na ushee. Hizo ni jitihada za wanazuoni na wanafalaki, tunaziheshimu. Lakini yuko mtu, hatumjui, aliyeamua kipimo gani kije kimewekwa tayari kwenye simu, nasi tunakula daku kwa uamuzi wake.

Na tarehe ya Hijria kwenye simu ndiyo kabisa, hupangwa miaka mbele. Programu nyingine hufuata kalenda ya Umm al-Qura ya Saudia, nyingine mzunguko wa miaka 30 wenye miaka 11 ya siku 355. Ndiyo maana huwekwa sehemu ya kuongeza au kupunguza siku. Mwandishi wa programu mwenyewe anakiri hapo kwamba hajui kwako mwezi utaandama lini. Simu ikisema kesho Idi, subiri tangazo la Mufti.

Sasa dhambi ni ya nani? Asmaa binti Abubakar amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokea. Wanazuoni wengi, na madhehebu yetu ya Shafi yakiwemo, wanasema aliyejitahidi akakosea hana dhambi, ila siku ile atailipa. Neno zito hapo ni *aliyejitahidi*. Asiyejitahidi amemkabidhi mtu asiyemjua ibada yake, halafu anataka huyo mtu akamjibie mbele ya Allah. Haiwi hivyo.

Mwadhini wetu tunamjua, akikosea tunamwambia. Simu utaiuliza nini? Na wewe kijana unayesomea kompyuta, jua kwamba anayeandika programu ya swala amekaa nafasi ya mwadhini, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwadhini ni mwenye kuaminiwa. Mzigo wako upo, lakini haumwondolei mfungaji wa kwake.

*Kazi ya leo, kabla ya alasiri:*
1. Fungua simu, mahali paandike Songea.
2. Kwenye alasiri chagua Shafi.
3. Linganisha alfajiri na ratiba iliyobandikwa msikitini.
4. Jioni isiyo na mawingu, toka nje ulitazame jua likizama, uone kama simu inasema kweli.
5. Wazee wetu wasiojua mambo haya, wajukuu wawasaidie.

Na aliyegundua leo kwamba alikuwa akifuturu kwa saa za Dar, asikate tamaa. Ahesabu siku hizo, azilipe baada ya Ramadhani.

Yaa Allah, zitakabali funga zetu, utusamehe tuliyokosea bila kujua, na usitujaalie uvivu wa kujua. Aamin.

Mtumie na mwenzako.