Faida ya Kurudia

Yako maswali ambayo huonekana madogo, lakini mtu akiyachunguza huyakuta yamebeba mambo makubwa. Moja ni hili: Je, ni upumbavu mtu kuurudia mchezo ambao mwisho wake anaujua?

Nakuuliza, msomaji, kwa sababu mimi mwenyewe ninayo tabia hiyo. Uko mchezo wa kompyuta uitwao The Operative: No One Lives Forever, jina ambalo maana yake ni kwamba hakuna aishiye milele. Ulitungwa Marekani na kampuni ya Monolith Productions, ukatolewa mwaka 2000, lakini mambo yake ni ya miaka ya 1960. Humo yumo mpelelezi mwanamke, Cate Archer, ambaye wakubwa wake humdharau kwa uanamke wake. Adui zake ni genge liitwalo H.A.R.M. Hata silaha zake huchekesha: anayo rangi ya midomo inayolipuka!

Niliucheza mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nami nilikuwa na haraka ya kushinda. Kila mlinzi niliyemwona nilimpiga risasi, nikapita. Nilishinda, nikadhani nimeumaliza.

Mara ya pili, kwa kuwa mwisho niliujua, haraka haikuwapo. Nilijibanza nyuma ya ukuta nikasikiliza. Ajabu! Walinzi wale walikuwa wakizungumza. Walijadili kazi yao na mambo madogo ya maisha kwa uzito wa wazee barazani, nami nikacheka hata nikasahau silaha yangu. Mazungumzo hayo yalikuwapo tangu mwanzo. Risasi yangu ndiyo iliyoyakatiza. Baadhi yao nilitafuta njia ya kuwapita bila kuwadhuru, maana ni vigumu kumpiga mtu aliyekuchekesha.

Utasema, "Mwalimu, hizo ni picha tu, hazina roho." Kweli. Wala sidai kwamba mchezo humfanya mtu kuwa mwema. Mwingine husikiliza, akacheka, kisha akapiga risasi vilevile. Tena wakati ni mali, na aachaye kazi kwa ajili ya mchezo hujiibia mwenyewe. Lakini funzo nililolipata kwa picha nililisahau kwa mtu.

Mwanachuo wangu mmoja alichelewa darasani siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilimkaripia mbele ya wenzake kabla hajafumbua kinywa. Jioni nikaarifiwa kwamba alikuwa akimuuguza mama yake usiku kucha. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Ila neno lililokwisha kutoka halikurudi.

Hapo niliiona tofauti. Mlinzi niliyemwua jana nitamkuta leo amesimama palepale, akianza mazungumzo yake upya. Asubuhi ile ya mwanachuo wangu haitaanza upya kwake wala kwangu.

Basi si upumbavu kurudia, ikiwa warudia ili usikie ulichokikosa. Upumbavu ni kurudia ili ushinde tena ulichokwisha kukishinda. Rudia kitabu, rudia somo, rudia hata mchezo, kazi ikiisha. Lakini kwa binadamu mwenzako, msomaji, sikiliza mara ya kwanza, kwa maana ya pili hukuahidiwa.